Kati ya Kadi ya Mtoto na Kadi ya Mjamzito

Mtoto anayezaliwa Tanzania hupewa kadi ya kliniki katika siku zake za mwanzo. Kwa kadi hiyo hupimwa uzito kila mwezi, hupata chanjo, matone ya vitamini A na dawa za minyoo, na akiugua hutibiwa bila malipo katika kituo cha serikali hadi atimize miaka 5. Baada ya hapo kadi hutiwa kabatini. Akiwa ni msichana, atapewa nyingine siku atakayokwenda kliniki akiwa mjamzito. Akiwa ni mvulana, hatapewa tena. Kati ya kadi hizo mbili ndipo unapoangukia umri wote wa balehe, yaani miaka 10 hadi 19 kama Shirika la Afya Duniani linavyouhesabu, na hapo ndipo mfumo wa afya unapompoteza mtu uliyemlea kwa uangalifu mkubwa tangu alipozaliwa.

Pengo hili lina historia. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza katika hospitali za umma miaka ya 1990, serikali ilitaja makundi ya kusamehewa: watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wasiojiweza, na wagonjwa wa baadhi ya maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu na UKIMWI. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa vifo vingi vilikuwa vikitokea huko. Kijana wa miaka 13 hakutajwa kwa sababu alionekana mzima, na kweli katika umri huo watu hufa kwa uchache kuliko wakati wa uchanga au uzee. Ila hesabu ya vifo haionyeshi kinachoharibika taratibu. Mengi yanayomlaza mtu wa miaka 30 huwa yameanza akiwa darasa la tano au kidato cha pili, na wakati huo dawa yake huwa rahisi.

Ugonjwa wa vali za moyo unaonyesha jambo hili waziwazi. Mtoto wa shule ya msingi anapata mafindofindo: koo linauma, homa inapanda, chakula hakipiti. Kooni mna bakteria aina ya streptokoki, ambao penisilini huwaua kwa bei ndogo. Lakini zahanati iko mbali, mama yuko shambani, basi mtoto anapewa Panadol na maji ya chumvi ya kusukutua, au anatumwa duka la dawa muhimu akanunue vidonge vya siku mbili, maana fedha iliyopo ni ya siku mbili. Koo linapoa. Wiki mbili au tatu baadaye viungo vinaanza kuvimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo cha mguu, kwa kuwa kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wale sasa inaushambulia mwili wenyewe, moyo ukiwemo. Hali hiyo ikirudia mara kadhaa, vali za moyo hukakamaa na kukunjamana. Kijana anaanza kuhema akipanda kilima cha kwenda shule, na mwalimu anamhesabu kuwa mvivu.

Akigunduliwa hapo, bado anaweza kusaidiwa. Sindano ya penisilini ya kukaa mwilini, inayochomwa kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, huzuia mashambulizi mapya. Tatizo ni kwamba sindano ya kila wiki 4 ni safari 13 kwa mwaka, kila moja na nauli yake, na siku ya masomo inayopotea. Wapo wanaoichoka njiani. Baadhi yao hufikishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako vali hurekebishwa au kubadilishwa kwa upasuaji unaogharimu mamilioni. Kwa msichana, jambo hili lina ncha ya pili. Wakati wa ujauzito damu huongezeka mwilini, na vali iliyobana, ambayo hakuna aliyeijua, hujitokeza mimba ikiwa ya miezi 6 au 7, mama kijana akiwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Akifariki, ataandikwa katika vifo vya uzazi, ilhali ugonjwa wake ulianza kama koo lililouma akiwa na miaka 10.

Umbali na fedha ndivyo vikwazo vinavyotajwa kwanza, na ni haki vitajwe. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo mengi yamejengwa tangu hapo, ingawa zahanati nyingi hujiendesha kwa watumishi wachache kuliko idadi iliyopangwa. Kwa upande wa fedha, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nao ulikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ulisimamishwa, kwa maelezo kwamba wengi walioandikishwa ni watoto waliokwisha kuugua, hivyo mfuko ulikuwa unaelemewa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Bima ni msaada mkubwa, na kuipanua ni jambo la lazima. Hata hivyo, kwa kijana bima ina sharti moja ambalo kwa mtoto mdogo halina uzito: kadi anayo mzazi. Mgonjwa wa malaria haoni tabu kuiomba. Mwenye uchungu wakati wa kukojoa, au binti ambaye siku zake zimepitiliza, atalazimika kueleza anaitakia nini. Kwa hiyo anaweza kuwa na bima halali mfukoni mwa baba yake, akaishi nusu kilomita kutoka kituo cha afya, na bado akawa mbali na matibabu.

Jambo hili huonekana hata kwenye benchi la kusubiria. Kliniki nyingi hufanya kazi asubuhi hadi alasiri, saa zilezile kijana anapotakiwa kuwa darasani. Akitoroka shule akaenda, anakutana na jirani anayesubiri dawa, shangazi aliyeleta mtoto kupimwa uzito, na karani anayeuliza kwa sauti, mbele ya wote, shida iliyomleta. Muuguzi mwenyewe pengine ni rafiki wa mama yake wa kanisani au wa madrasa. Swali la kwanza linaweza kuwa, “Mwanangu, na umri huu wote unatafuta nini huku?” Muuguzi anayeuliza hivyo mara nyingi hamchukii mtoto, anasema kama mzazi angesema, na pengine anaona ndiyo njia ya kumlinda. Matokeo yake ni kwamba kijana harudi, na wenzake wanaosimuliwa hawaendi kabisa. Wanakwenda duka la dawa, ambako hakuna anayewaandika jina, wakanunua antibiotiki bila kipimo.

Madhara ya kuhukumiwa kabla ya kupimwa yanajulikana sana kwa wanaoshughulikia kichocho. Vimelea vya kichocho cha mkojo, vinavyopatikana Unguja, Pemba na sehemu kadhaa za Bara, huweza kutaga mayai katika kuta za uke na mlango wa kizazi. Msichana anayechota maji au kufua mtoni huweza kupata vidonda, muwasho na damu sehemu za siri hata kama hajawahi kukutana na mwanamume. Akifika kituoni, dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, na hivyo ndivyo anavyotibiwa, pamoja na mawaidha. Dawa aliyoihitaji ni prazikwanteli, ambayo hugawiwa shuleni katika kampeni za kinga tiba. Aliyeacha shule huikosa. Vidonda visipotibiwa huweza kuacha makovu yanayoleta ugumba, tena hurahisisha maambukizi ya VVU. Binti huyo ameadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na kovu atabaki nalo.

Sheria nazo hufungua au kufunga mlango. Hadi mwaka 2019, aliye chini ya miaka 18 hakuweza kupima VVU Tanzania Bara bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliushusha umri huo hadi miaka 15 na kuruhusu watu kujipima wenyewe. Kwa aliyefanyiwa ukatili wa kingono, kikwazo hugeuka kuwa saa. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio hutakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema kadiri inavyowezekana. Palipo na mazoea ya kudai kwanza fomu ya polisi, PF3, na kituo cha polisi kikawa wilayani, na mtuhumiwa akawa ndugu ambaye ukoo unataka suala lake limalizwe nyumbani, saa hizo huisha haraka. Vituo vya mkono kwa mkono, vinavyoweka daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja, vilianzishwa kwa ajili hiyo, na namba 116 hupigwa bure kuripoti ukatili dhidi ya mtoto. Vituo hivyo bado ni vichache kwa nchi yenye ukubwa huu.

Ujauzito wa utotoni ndio unaopata nafasi kubwa katika hotuba, kwa sababu nzuri. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kuwa wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Mwaka 2015–16 walikuwa 27. Mkoani Songwe mwaka 2022 walifika 45. Msichana wa namna hii huificha mimba kwa kufunga kanga tumboni na kuvaa sweta la shule mchana wa jua kali. Anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, miezi ya kupima damu, kutibu kaswende, kuanza vidonge vya kuongeza damu na kupewa dawa ya kinga ya malaria imekwisha kupita. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na dalili yake ya mapema ni presha inayopanda bila mama kuhisi kitu, kwa hiyo asiyepimwa hajui. Nyonga zikiwa hazijakomaa, uchungu unaweza kuendelea kwa siku mbili mtoto akiwa amekwama. Upasuaji ukichelewa, mtoto hufa na kibofu hutoboka, na msichana anabaki na fistula, akivuja mkojo mchana na usiku. Fistula hutibika, na hospitali kadhaa nchini, CCBRT ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo, huitibu bila malipo. Wengi huchelewa kwa sababu wanaamini wamerogwa, au kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Hapa mfumo wenyewe umefanya kazi ya kusifiwa. Upasuaji wa dharura sasa hufanyika katika vituo vingi vya afya, si hospitali za wilaya pekee. Kupitia mpango wa m-mama, anayepiga namba 115 bila malipo hupatiwa gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyeandikishwa na kulipwa na serikali. Makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–16 hadi 104 mwaka 2022. Hata hivyo m-mama imewekwa kwa ajili ya mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Msichana wa miaka 16 mwenye mimba atafuatwa na gari usiku wa manane. Kaka yake wa miaka 17 aliyeanguka na bodaboda barabara ileile atabebwa kwa bodaboda nyingine, mguu uliovunjika ukining’inia. Wote wawili ni watoto wa nyumba moja, na nchi iliyoweza kupanga safari ya mmoja inaweza kupanga ya mwingine.

Kwamba vijana hufikika, hakuna shaka. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, ilijaribiwa Kilimanjaro mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 ikawa dozi moja kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi ulioiwezesha dunia kukubali dozi moja ilitoka Mwanza, ambako wasichana 930 wa umri huo waliingizwa katika utafiti ulioanza mwaka 2017, na damu yao ikaonyesha kwamba kinga ya dozi moja hudumu. Siri ya mafanikio ya chanjo hii ni kwamba muuguzi ndiye anayekwenda darasani. Binti haombi ruhusa, hapandi gari, wala hasubiri benchini.

Kwa wavulana, kitu kinachokaribia hilo ni tohara ya kitabibu. Utafiti uliofanyika Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Tanzania iliianzisha kwa wingi kuanzia mwaka 2010 katika mikoa ambayo tohara haikuwa desturi, Iringa ikiwa ya mbele, na kambi zake zikapangwa hasa katika miezi ya baridi. Vijana walipanga foleni kwa hiari, tena wakicheka. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza na mtoa huduma ya afya tangu utotoni, na ingelikuwa fursa ya kuwapima presha, macho na damu na kuwauliza hali zao. Mara nyingi jeraha likishapona, mazungumzo huishia hapo.

Wako pia wanaohitaji huduma kila siku ya maisha yao. Watoto takriban 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na ugonjwa wa selimundu, na waliozaliwa na VVU miaka ya 2000 sasa ni vijana, baadhi yao wakiwa bado sekondari na vyuoni. Dawa za VVU zimekuwa kidonge kimoja kwa siku, bila malipo. Ugumu uko bwenini. Matroni akikagua masanduku atakiona kichupa. Rafiki wa kitanda cha juu atauliza ni dawa ya nini kila saa tatu usiku. Kijana anaanza kuruka siku, kisha wiki, na virusi vinarudi juu. Ndiyo maana vijana huwa nyuma ya watu wazima katika kufubaza virusi, ingawa dawa ni ileile. Wakati mgumu mwingine ni pale anapohamishwa kutoka kliniki ya watoto, alikojulikana kwa jina, kwenda ya watu wazima, ambako yeye ni namba ya faili. Kliniki zilizotenga Jumamosi kwa vijana, wakikutana wenyewe kwa wenyewe na dawa zao zikitolewa hapohapo, zimewashika wengi ambao wangepotea.

Afya ya akili ndiyo iliyoachwa nyuma kuliko yote. Wilaya nyingi hazina daktari wa magonjwa ya akili, na kijana asiyelala, asiyekula na asiyetaka kuzungumza huambiwa ana kiburi, au ana pepo. Sheria bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo anayewaza hivyo ana sababu moja zaidi ya kunyamaza. Msikilizaji wa kwanza angeweza kuwa mwalimu wa malezi na ushauri, lakini huyo huwa pia mwalimu wa hisabati, na wakati mwingine ndiye msimamizi wa nidhamu.

Ni lazima kusema pia kwamba huduma peke yake ina mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza: nusu ziliwekewa elimu ya afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi na watumishi wa zahanati waliofunzwa kuwapokea vijana, na nusu zikabaki za kulinganishia. Vijana walielewa zaidi, na mitazamo yao ikabadilika. Lakini walipopimwa, na kupimwa tena miaka kadhaa baadaye, maambukizi ya VVU hayakutofautiana kwa maana yoyote. Msichana aliyeelewa kila kitu alikuwa bado hana nauli, na aliyekuwa tayari kumpa alikuwa mwanamume mtu mzima. Somo hilo lilionekana katika Ajenda ya Taifa ya vijana balehe iliyozinduliwa mwaka 2021, iliyoweka pamoja VVU, mimba za utotoni, ukatili, lishe, kubaki shuleni na stadi za kujipatia kipato. Uamuzi wa Novemba mwaka huohuo wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali ni hatua ya afya, hata kama ulitangazwa na Wizara ya Elimu.

Yanayowezekana katika zahanati ya kawaida, yenye watumishi wawili au watatu, ni ya kiasi, ila yapo: alasiri moja kila wiki baada ya masomo iliyotengwa kwa vijana, mlango wa pembeni usiopita kwenye benchi la wajawazito, mtumishi mmoja aliyefunzwa kutunza siri, na ziara ya shuleni kila muhula ya kuangalia koo, macho, meno na wingi wa damu. Shule hazitoshi, kwa kuwa walio hatarini zaidi hawako huko. Wako mialoni, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, wakiuza maji stendi, au wakilea watoto wa watu mijini kwa mshahara unaotumwa moja kwa moja kwa wazazi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5, unaweza kuwafikia hao, kwa kuwa mhudumu hupita nyumba kwa nyumba. Akibisha hodi, ataambiwa kuna mtoto wa miaka 2 na bibi mwenye presha. Dada wa kazi aliyeko jikoni naye anapaswa kuulizwa umri wake, na mara ya mwisho alipopimwa ilikuwa lini.